Kuchagua Vipuri vya Sakiti ya Kwanza: Hesabu Kabla ya Duka

Katika shule zetu nyingi tangi la maji huwekwa juu ya mnara au juu ya paa. Pampu inapowashwa, hapana budi mtu mmoja asimame chini akingoja kusikia maji yakimwagika, au mwanafunzi mwepesi apande ngazi kuchungulia. Njia ya kwanza hupoteza maji na umeme; ya pili yaweza kumvunja mtu mguu. Kazi hiyo ya kuchungulia yaweza kufanywa na sakiti ndogo ya elektroniki inayowasha taa mara tu maji yanapofika juu. Vipuri vyake havizidi kumi, navyo hupatikana katika maduka mengi ya mafundi wa redio.

Hata hivyo, wanafunzi wengi wanaojaribu sakiti kama hii hukata tamaa mapema. Hunakili orodha ya vipuri kutoka kitabuni, huenda dukani, hukosa kimojawapo, muuzaji huwapa kingine "kinachofanana nacho", nao hukiunganisha. Taa huwaka mara moja kwa mwanga mkali, kisha huzimika moja kwa moja. Mwanafunzi hurudi kwao akiamini kwamba elektroniki ni elimu ya wateule. Sivyo. Alichokosa si kipaji bali hesabu ya mistari mitatu, ambayo mtu yeyote aliyesoma kanuni ya Ohm anaiweza.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua kila kipuri cha sakiti ya tangi kwa hesabu badala ya kunakili. Atakayeifuata ataweza pia kuchagua vipuri vya sakiti nyingine nyingi, na kujua ni kipi kinachoweza kubadilishwa na kipi kisichoweza.

SAKITI YETU

Sakiti hii ina njia mbili za umeme. Ni vema msomaji achore mchoro wake anaposoma maelezo haya.

Njia ya kwanza ni njia ya taa. Umeme hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita katika swichi, kisha katika rezista ya kwanza, kisha katika taa, na kuingia katika transista kwa mguu uitwao kolekta. Hutoka kwa mguu uitwao emita na kurudi kwenye ncha hasi ya betri.

Njia ya pili ni njia ya maji. Baada ya swichi, waya mmoja hupanda hadi juu ya tangi na kuishia kwenye kipande cha chuma. Kando yake, bila kugusana nacho, kipo kipande cha pili cha chuma. Waya wa kipande cha pili hushuka hadi rezista ya pili, na kutoka hapo hadi mguu wa tatu wa transista, uitwao besi. Maji yakifika juu na kuvigusa vyuma vyote viwili, njia hii hufungamana na mkondo mdogo hupita.

Msomaji ataweza kuuliza: kwa nini tusiipitishe njia ya taa yenyewe ndani ya maji, tukaepuka gharama ya transista? Tufanye hesabu. Maji ya kawaida hupitisha umeme, lakini kwa shida. Tuchukulie kwamba ukinzani wa maji baina ya vyuma vyetu ni omu 40,000. Betri yetu ina volti 6, na taa yenyewe hutumia volti 2. Zinabaki volti 4 za kuusukuma mkondo katika maji. Volti 4 tukizigawa kwa omu 40,000 tunapata miliampea 0.1. Taa yetu huhitaji miliampea 10 ili ionekane vizuri mchana. Basi mkondo wa maji ni mdogo mara mia moja kuliko unaohitajika. Kazi ya transista ni kuziba pengo hilo: huutumia mkondo mdogo wa besi kuutawala mkondo mkubwa wa kolekta.

MASWALI MANNE

Kabla ya kununua kipuri chochote, mwanafunzi ajiulize maswali manne:

1. Kitapata volti ngapi, na kinavumilia ngapi?
2. Mkondo wa kiasi gani utapita ndani yake?
3. Kitageuza wati ngapi kuwa joto?
4. Je, kina mwelekeo, yaani ncha ya chanya na ya hasi?

Kanuni njema kwa anayeanza ni kutokipa kipuri zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kipuri kinachofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake hakidumu, kama vile kamba inayobeba mzigo wa mwisho iwezao kuubeba.

BETRI

Tumechagua betri nne za tochi zenye volti 1.5 kila moja, zikiunganishwa mfululizo kutoa volti 6. Sababu ya kwanza ni usalama. Volti 6 haziwezi kumdhuru mwanafunzi, ilhali umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240 waweza kuua, na haufai kabisa kuwa karibu na maji. Sababu ya pili ni nafasi ya kuchakaa. Kila betri ikishuka hadi volti 1, zote nne bado zina volti 4, na taa itaendelea kuwaka ingawa kwa mwanga hafifu zaidi. Tungetumia betri mbili tu, taa ingezimika mapema.

TAA

Taa yetu ni dayodi itoayo mwanga, ambayo madukani huitwa LED. Dayodi ya namna hii inayotoa mwanga mwekundu ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak nchini Marekani.

Balbu ya tochi na LED hazifanani kwa tabia. Waya wa balbu hupata moto na ukinzani wake huongezeka, hivyo balbu hujizuia yenyewe. LED haijizuii. Chini ya volti zake haiwaki kabisa. Zikizidi kidogo tu, mkondo huongezeka ghafula. Ndiyo maana LED iliyounganishwa moja kwa moja na betri ya volti 6 huungua. LED nyekundu hutumia volti zipatazo 2. Ya buluu na nyeupe hutumia zipatazo 3. LED nyingi ndogo huvumilia miliampea 20. Kwa kufuata kanuni ya nusu, tunaipa 10.

LED ina mwelekeo. Mguu mrefu huelekezwa upande wa chanya. Ikiwa miguu imekwisha kukatwa, tazama ukingo wa kofia yake: upande uliobapwa ndio wa hasi.

REZISTA YA KWANZA

Hapa ndipo wanaoanza wengi hukosea, basi tukae kidogo. Rezista hii ndiyo mlinzi wa LED. Katika njia ya taa, betri hutoa volti 6. LED huchukua 2. Transista ikiwa imefunguka vizuri huchukua volti 0.2 hivi. Zinazobaki ni 6 toa 2 toa 0.2, yaani volti 3.8, nazo zote ni lazima zichukuliwe na rezista. Mkondo tunaoutaka ni miliampea 10, yaani ampea 0.01. Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827:

Ukinzani = 3.8 ÷ 0.01 = omu 380.

Mwanafunzi akienda dukani kuulizia rezista ya omu 380, hataipata. Rezista za kawaida hutengenezwa kwa mfuatano maalumu wa tarakimu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, pamoja na zidisho zake za kumi. Iliyo karibu zaidi ni omu 390. Je, tofauti ya omu 10 ni ya kutisha? Hata kidogo. Rezista yenye mstari wa rangi ya dhahabu yenyewe huweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, hivyo hiyo 390 yaweza kuwa chochote baina ya 371 na 409.

Kama hakuna 390, tazama mbadala wake. Omu 330 hutoa miliampea 11.5, omu 470 hutoa miliampea 8.1. Macho hayatatambua tofauti. Zote mbili zafaa.

Lakini sasa tazama rangi. Rezista ya omu 390 ina mistari ya rangi ya machungwa, nyeupe na kahawia. Ya omu 39 ina machungwa, nyeupe na nyeusi. Ya omu 3,900 ina machungwa, nyeupe na nyekundu. Kwa mwanga hafifu wa duka, kahawia na nyekundu hufanana mno. Omu 3,900 itaruhusu miliampea 1 tu, na mwanafunzi atadhani sakiti yake ni mbovu. Omu 39 yaweza kuruhusu miliampea 97, na LED itakufa. Basi kosa katika mistari miwili ya kwanza aghalabu husameheka. Kosa katika mstari wa tatu halisameheki, kwa kuwa huo ndio unaozidisha kwa kumi au kugawa kwa kumi. Pima kila rezista kwa mita kabla ya kuiunganisha.

Swali la joto limebaki. Volti 3.8 mara ampea 0.01 ni wati 0.038. Rezista ndogo ya robo wati yatosha kabisa. Kununua ya wati 1 si kosa, ila ni kupoteza fedha na nafasi.

TRANSISTA

Transista ilivumbuliwa mwezi wa Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walituzwa Nishani ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956 kwa kazi hiyo. Leo kipuri hiki ni miongoni mwa vilivyo rahisi kupata na kwa bei ndogo.

Tumechagua transista iitwayo BC547. Jina lake lina maana: katika utaratibu wa majina wa Ulaya, B ya mwanzo ni ishara ya silikoni, na C ni transista ya nguvu ndogo kwa kazi za sauti na nyinginezo za kawaida. Inavumilia hadi volti 45 na miliampea 100. Sisi tunaipa volti 6 na miliampea 10. Tumo ndani ya kanuni ya nusu kwa mbali.

Kipimo muhimu zaidi ni ukuzaji wake, yaani mkondo wa kolekta ni mara ngapi ya mkondo wa besi. Kwa BC547 ukuzaji huanzia 110 hadi 800. Tofauti hiyo kubwa hutokana na utengenezaji. Transista mbili zenye jina moja zaweza kutofautiana sana. Mtu asiye mwangalifu hufanya hesabu kwa 800 na kufurahi. Mhandisi hufanya hesabu kwa 110, ili sakiti yake ifanye kazi hata akipewa transista iliyo dhaifu kuliko zote katika boksi.

Tujaribu. Baina ya besi na emita transista ya silikoni huchukua volti 0.7 hivi. Zinabaki 5.3 kwa njia ya maji. Maji yana omu 40,000, na rezista ya pili ina omu 10,000. Jumla ni 50,000. Mkondo wa besi ni 5.3 ÷ 50,000, yaani miliampea 0.106. Tukizidisha kwa 110 tunapata miliampea 11.7. Tulihitaji 10. Sakiti itafanya kazi, ingawa ziada ni ndogo.

Hiyo rezista ya pili ina kazi gani, ikiwa maji yenyewe yanazuia mkondo? Fikiria upepo umeyumbisha waya na vyuma viwili vikagusana. Ukinzani wa maji umetoweka. Bila rezista, volti zote 6 zitaangukia besi, na transista itaungua. Pamoja na omu 10,000, mkondo hautazidi miliampea 0.53, ambao haudhuru kitu. Rezista hiyo haionekani kuwa na kazi siku zote isipokuwa siku ya ajali.

MAJI YA KWENU YAKOJE?

Omu 40,000 tulizozitumia ni mfano tu. Maji yenye chumvi ya kisima cha pwani hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Maji safi ya mvua hupitisha kwa shida sana. Kwa hiyo jaza ndoo maji ya tangi lenu, tumbukiza vyuma viwili kwa umbali uleule mtakaoutumia, na upime kwa mita. Mita itayumba kidogo, kwa kuwa mkondo wa upande mmoja huleta mabadiliko ya kikemia kwenye vyuma; soma namba ya mwanzo.

Ukinzani ukizidi omu 45,000 hivi, transista moja haitoshi kwa uhakika. Hapo zitumike mbili: emita ya ya kwanza iunganishwe na besi ya pili, na kolekta zote mbili ziunganishwe pamoja. Ukuzaji wa pamoja ni 110 mara 110, yaani 12,100. Lakini ukibadili kipuri kimoja, rudia hesabu ya jirani zake. Transista mbili za namna hii huchukua volti 0.8 hivi katika njia ya taa badala ya 0.2, zinazobaki ni 3.2, na rezista ya kwanza huwa omu 320. Chagua 330. Tena sakiti sasa ni nyepesi kuhisi hata unyevu wa vidole, kwa hiyo iwekwe ndani ya kikopo kikavu.

KINACHOFANANA SI LAZIMA KIWE SAWA

Muuzaji akisema BC547 imekwisha, BC337 ni mbadala mwema. Miguu yake imepangwa vilevile, nayo inavumilia miliampea 800. Transista iitwayo 2N3904 pia inafaa, lakini kwa sharti moja. Ukiishika BC547 uso wake uliobapwa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Kwa 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Hapana budi igeuzwe. BC557 haifai hata ikigeuzwa, kwa kuwa ni ya jamii ya PNP, ambayo mikondo yake huenda kinyume. Yetu ni ya jamii ya NPN.

Wanafunzi wengi hupata vipuri kutoka redio kuukuu, nalo ni jambo la kusifiwa. Ila wajihadhari. Transista kama AC128 ni ya jermaniamu, kama herufi A ya mwanzo inavyoonyesha, tena ni PNP. Mita yenye kipimo cha dayodi huonyesha zile za silikoni kwa volti 0.6 hadi 0.7, na za jermaniamu kwa 0.2 hadi 0.3. Rezista za zamani hutumika tena baada ya kupimwa. Kapasita kuukuu zenye maji ya kemikali ndani ziachwe, kwa kuwa hukauka kwa miaka.

Anayetaka kengele badala ya taa auulize kwanza mkondo wake. Kengele ndogo ya miliampea 30 huhitaji mkondo wa besi wa miliampea 0.27, ambao maji yetu hayautoi. Basi zitumike transista mbili. Rilei yenye koili ya omu 100 huvuta miliampea 60. Hii imevuka nusu ya uwezo wa BC547, hivyo ya pili katika zile mbili iwe BC337. Tena iwekwe dayodi ya 1N4001 sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, kwa sababu koili inapokatiwa umeme hurudisha volti nyingi za ghafula ziwezazo kuiua transista. Kuiunganisha rilei na pampu ya umeme wa nyumbani ni kazi ya fundi mwenye leseni, si ya mwanafunzi.

KUUNGANISHA NA KUJARIBU

Unganisha kwanza juu ya meza, kabla ya kuchomea kwa risasi. Washa swichi: taa isiwake. Tumbukiza vyuma katika glasi ya maji: taa iwake. Gusanisha vyuma: taa iwake zaidi kidogo au vilevile. Isipowaka, pima volti hatua kwa hatua kuanzia betri. Usibadilishe vipuri kwa kubahatisha.

Kwa tangi la maji ya kunywa tumia vyuma visivyoshika kutu, kama mipini ya vijiko, wala si shaba, kwa kuwa chuma kilicho upande wa chanya huyeyuka polepole. Kwa sababu hiyohiyo swichi iwashwe wakati wa kupampu tu. Waya wa kwenda juu waweza kuwa mwembamba: waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.5 na urefu wa mita 40, kwenda na kurudi, una omu zisizozidi 4, ambazo si kitu mbele ya omu 40,000. Na wakati wa radi, mtu asiiguse sakiti iliyounganishwa na mnara.

MAZOEZI

1. Sakiti itumie betri ya volti 9 na LED nyekundu. Rezista ya kwanza iwe na omu ngapi, na rangi gani?
2. LED ni ya buluu, betri ni volti 6. Chagua rezista.
3. Maji ya tangi yana omu 150,000. Je, transista moja yatosha?

Majibu: (1) Omu 680: buluu, kijivu, kahawia. (2) Hesabu hutoa 280, chagua 270. (3) Haitoshi, mkondo wa taa kwa transista dhaifu ni miliampea 3.6 tu.

Mwalimu anayelifundisha somo hili asiwape wanafunzi orodha iliyokamilika. Awape betri, LED na ndoo ya maji, kisha awaulize wanahitaji nini dukani. Darasa litakalojibu swali hilo kwa hesabu litakuwa limejifunza zaidi ya kuwasha taa moja: likiambiwa dukani kwamba kipuri fulani kimekwisha, litajua lichukue kipi badala yake.